Shada Lenye Mizizi

Inatangazwa kwa furaha, na kwa wasio na furaha inatangazwa hivyo hivyo, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna shingo ya kiongozi yeyote itakayovishwa shada la plastiki. Shingo inayojiheshimu huvalishwa kitu kilichotoka ardhini.

Ndivyo ulivyoanza Waraka Namba Saba wa Idara ya Mapambo na Mapokezi, uliobandikwa kwenye kila mlango wa jengo, ukiwemo mlango wa choo cha ghorofa ya pili ambacho kimefungwa tangu bomba lake lipasuke. Sababu ya waraka ilikuwa ya maana kabisa. Idara ilikuwa na shada moja tu, la plastiki, lenye maua yaliyokuwa mekundu zamani na sasa yamefifia hadi kufanana na ufizi. Kwa miaka tisa kila mgeni alivishwa shada hilo, akavuliwa, likaoshwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa dirishani kumsubiri mgeni mwingine. Mwezi uliopita mgeni mmoja alilinusa, akasema kwa upole kwamba linanukia shingo ya mtu. Mkurugenzi aliumwa kichwa wiki nzima.

Kazi ya kuutekeleza waraka ilimwangukia Kaimu. Cheo chake kwa ukamilifu kilikuwa Kaimu Afisa Mapambo Msaidizi, na alikuwa amekikaimu kwa miaka kumi na mmoja. Alipoanza alikuwa na nywele. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Fundi viatu alimwita Kaimu, kinyozi alimwita Kaimu kwa kumbukumbu ya nywele, na mkewe, mwanamke mpole mwenye ulimi, alimwita hivyo hata mezani. Mtoto wao wa kwanza aliwahi kuandika kwenye insha ya shule kwamba anaishi na mama yake na kaimu baba. Mwalimu alimpa alama zote.

Barua ya kumthibitisha kazini ilikuwepo. Ilikuwa imeshachapwa, imepigwa muhuri, na ililala kwenye droo ya Mkurugenzi ikisubiri sahihi tu. Mara mbili kwa mwaka Mkurugenzi aliitoa, akaisoma, akaisifu lugha yake, akairudisha.

Siku ile ya waraka aliitoa kwa mara ya tatu, na Kaimu akajua kwamba jambo ni zito. Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na zulia, feni mbili na dirisha pana lililotazama nyuma ya jengo. Chini ya dirisha, kati ya ukuta na mfereji, palikuwa na kiwanja ambacho Klabu ya Bustani ilipanda mchicha, vitunguu na maua ya manjano. Mkurugenzi alikuwa amekitazama kiwanja kile kwa miezi mingi, na kila alipokitazama aliona magari matano yameegeshwa kivulini, lake likiwa la kwanza. Bahati mbaya klabu ilikuwa na hati ya kukitumia, na hati haifutwi bila sababu. Sababu, alimweleza Kaimu kwa uvumilivu wa mwalimu, ni kitu cha kutengenezwa.

Mpango ulikuwa huu. Klabu ingepewa siku arobaini ijifunze kutengeneza mashada ya vitu asilia. Siku ya arobaini angekuja Katibu kutoka makao makuu, na mbele yake Mkurugenzi mwenyewe angevishwa shada lililotengenezwa na klabu kwa kufuata kila kifungu cha Mwongozo. Likipungua kifungu hata kimoja, klabu haina tija, na klabu isiyo na tija haina haja ya kiwanja.

"Na Mwongozo uko wapi, mzee?" Kaimu aliuliza.

"Utauandika wewe," alisema Mkurugenzi, akaigusa barua kwa kidole kimoja. "Uuandike vizuri."

Mtu mwingine angeelewa mara moja neno "vizuri" lilikuwa na maana gani katika ofisi ile. Kaimu alilielewa kama lilivyo kwenye kamusi. Alikwenda akaandika Mwongozo wa kurasa sitini na mbili, akaweka vielelezo, akaweka faharasa, na kwenye ukurasa wa kwanza akachora sindano.

Kilichomtia jasho si kuandika. Mwenyekiti wa Klabu ya Bustani alikuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo alishona magodoro kwa miaka thelathini, na alipostaafu aliondoka kiwandani na vitu viwili: maumivu ya bega na sindano ndefu kama mkono wa mtoto. Mtaani walimwita Mama Samadi, kwa kuwa hakuweza kupita penye zizi bila kuomba kidogo cha kubeba. Kaimu alimpenda na kumwogopa kwa kipimo kile kile, na tangu alipooa hajawahi kumtazama usoni zaidi ya muda wa salamu. Sasa alitakiwa kumfundisha.

Somo la kwanza lilifanyika Jumanne saa tatu asubuhi, wanachama tisa wakiwa wamekalia madebe yaliyopinduliwa. Kaimu alisimama mshazari, nusu akiikabili hadhara na nusu akiukabili ukuta, kama adabu ya ukwe inavyotaka, akawasomea. Hatua ya kwanza, mshiriki ataitambua sindano. Hatua ya pili, mshiriki atautambua uzi. Hatua ya tatu, mshiriki atathibitisha kwa mdomo kwamba vitu hivyo viwili ni tofauti. Aliposoma hatua ya kumi na nne akageuka, akakuta shada limekwisha kutengenezwa.

Lilikuwa zuri, na Kaimu hakuweza kulificha hilo. Walikuwa wamechana kamba kutoka gome kavu la mgomba, wakazisokota, wakapachika maua ya manjano na majani mabichi kwa zamu, na katikati wakatia mbegu nyekundu zilizong'aa. Mzee mmoja mwembamba, tarishi mstaafu waliyemwita Bahasha, alikuwa amelivaa na kukaa kimya kama bwana harusi.

"Tumekosea, baba?" Mama mkwe aliuliza. Alimwita baba, kama wakwe waungwana wanavyoitana.

"Hatua ya tano hadi ya kumi na tatu hazijafanyika, mama."

"Zinasema nini?"

"Mapumziko."

Walipumzika papo hapo, kwa mpangilio, ili kumbukumbu zikae sawa. Kisha Kaimu akalibeba shada kwenye sinia hadi Kamati ya Uhakiki wa Uasilia, roho yake ikiwa nyeupe. Aliona kabisa kiwanja kikibaki, mama mkwe akifurahi, barua ikitiwa sahihi, na yeye mwenyewe akirudi nyumbani akiwa na jina.

Kamati ilikuwa na wajumbe watano, na akidi yake ilikuwa watano. Mmoja alikuwa likizo. Shada lilikaa ukumbini juu ya sinia kwa siku sita, na katibu muhtasi aliyekaa karibu nalo alikuwa akilitazama likisinyaa na kutikisa kichwa. Siku ya saba kamati ilipokutana, maua yalikuwa ya kahawia na majani yamejikunja. Wajumbe walilizunguka kwa heshima. Mmoja alivua miwani.

Uamuzi haukuwa mgumu. Kielelezo kilikuwa kimekufa. Kitu kilichokufa hakiwezi kuwa asilia, kwa sababu asili ina uhai. Kitu kilichokufa ni mabaki, na mabaki yanashughulikiwa na Idara ya Makaburi. Kumvisha kiongozi mabaki ilikuwa ni kumtakia mabaya. Mkurugenzi, aliyeendesha kikao, alisikitika kwa uso uliojaa furaha, akaagiza tafsiri rasmi iandikwe hapo hapo ili mkanganyiko usirudiwe tena. Shada asilia, alitamka neno kwa neno, ni shada lenye mimea hai isiyopungua aina nne, pamoja na mizizi yake yote na udongo wake, nalo litamwagiliwa maji mara mbili kwa siku, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, popote litakapokuwa.

"Tuone kama watafunga udongo shingoni," alimnong'oneza jirani yake.

Akaongeza kifungu kimoja cha kujikinga. Shada likifa tena mikononi mwa idara, hakutaka lawama. Basi kinacholibeba kihesabiwe kuwa bustani, na lawama zote za bustani ziwe za klabu. Hapo mjumbe mmoja akauliza itakuwaje likibebwa na punda, maana katika kila kamati yupo mjumbe wa kuuliza habari za punda. Ikaandikwa: chombo, mnyama au mtu.

Kaimu ndiye aliyepewa kusafisha maandishi na kuyaingiza kwenye Mwongozo. Alikaa nayo siku mbili, na kitu kimoja kikamkera. Sentensi ilisema lawama zote ni za klabu, ikaishia hapo. Yeye alikuwa amefundishwa kazi na watu wa zamani, na watu wa zamani hawakuandika lawama peke yake, kama vile hakuna duka linalouza soksi ya mguu mmoja. Akaiweka sawa: mamlaka yote na lawama zote juu ya bustani hiyo zitakuwa za klabu, wala mtu yeyote hataing'oa, hataikata wala hataihamisha bila idhini yake ya maandishi. Alisoma tena, akaridhika na mwendo wa sentensi. Mkurugenzi alisaini akiwa njiani kwenda kula, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa sahihi.

Kwenda kuwaambia klabu kulimchukua Kaimu mchana mzima, ingawa kiwanja kilikuwa hatua hamsini. Alikuta Mama Samadi amepiga magoti kwenye tuta la vitunguu. Akamwamkia, akaambiwa marahaba, akakaa juu ya debe akautazama mfereji, akamsomea mfereji kifungu chote.

Mama mkwe akasimama kwa shida, akajifuta mikono kwenye kanga ambayo tayari ilikuwa na udongo kuliko mikono.

"Hapa palikuwa jalala," alisema. "Unakumbuka? Miaka mitatu tuliokota vigae na vipande vya chupa kabla jani la kwanza halijaota. Bahasha alikatwa kidole pale pale ulipoweka mguu. Nilipofiwa na baba mkwe wako, ni hapa nilipokuja kukaa, si kwenu, si kwa nani. Leo pakae gari?"

Kaimu alieleza kwamba si yeye. Ni kifungu.

"Kifungu hakinijui, baba. Wewe unanijua."

Aibu aliyoisikia Kaimu wakati ule haikuwa na nafasi katika fomu yoyote. Alitaka kusema kwamba amekula mchicha wa kiwanja kile kwa miaka yote ya ndoa yake, na kwamba akiambiwa achague hatalala, lakini hapakuwa na kifungu cha kusema hivyo. Akabaki ameishika karatasi. Mama mkwe alimtazama kidogo, akamhurumia kwa jinsi mtu anavyomhurumia kuku aliyejifungia mwenyewe kwenye tenga, akamwambia asome tena, polepole. Alisoma mara tatu. Mara ya tatu akamsimamisha.

"Mtu pia?"

"Chombo, mnyama au mtu, mama."

"Na mamlaka yote?"

"Na lawama zote."

"Lawama tumezizoea," alisema Mama Samadi. "Mwite Bahasha. Tutahitaji shingo."

Kwa wiki nne zilizofuata hakukuwa na darasa la bidii kama lile. Kaimu alihudhuria kila siku na daftari lake, kwa kuwa Mwongozo ulidai maendeleo yaandikwe, na aliandika yote bila kuona cha kuchekesha. Jaribio la kwanza, mfuko mrefu wa kitambaa cha godoro uliojazwa mboji, lilimteleza Bahasha likaangukia mfereji. La pili lilipasuka mgongoni wakati akiinama kumsalimu mkunga wa mtaa, naye mkunga, ambaye pia alikuwa mwanachama, akaugundua udhaifu: mzigo wote ulikaa kwenye shingo, na mzigo, alisema kwa uzoefu wa kazi yake, hukaa vizuri ukigawanywa. La tatu likashonewa mikanda ya kupita chini ya makwapa na kufungwa nyuma.

Walitoboa matundu wakapanda. Marando ya viazi vitamu yalishuka kifuani, mnanaa ukakaa karibu na pua, maua ya manjano yakawa mabegani, na kuzunguka kola wakapanda miche ya vitunguu mistari miwili. Likiwa kavu lilikuwa na uzito wa mfuko wa saruji uliokwisha kutumika nusu. Likimwagiliwa, hawakuthubutu kupima. Bahasha alijifunza kukaa nalo, kusimama nalo na kupiga chafya nalo, na siku ya ishirini na tisa Kaimu aliandika kwamba nyungunyungu mmoja alitoka upande wa kushoto, akaangalia hali, akarudi ndani. Kufikia siku ya thelathini na tano mizizi ilikuwa imepenya kitambaa na kushikana mle ndani kuliko mshono wowote wa kiwandani. Mama Samadi aliipapasa kwa vidole vyake vigumu akasema sasa linaweza kuvaliwa.

Kaimu ndiye mtu pekee aliyeamini kwamba walikuwa wakitii tu.

Siku ya arobaini ukumbi wa idara ulijaa saa nane na nusu alasiri. Katibu kutoka makao makuu alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, na aliusoma Mwongozo wote garini, tangu jalada hadi faharasa, kwa kuwa ndiye mtu wa aina hiyo. Mkurugenzi alivaa suti ya rangi ya maziwa. Alihutubia nusu saa juu ya ardhi, uhai na unyenyekevu wa kiongozi mbele ya jani, kisha akasema kwa masikitiko kwamba inawezekana, tena ni jambo la kibinadamu, klabu fulani ikashindwa.

Mlango ukafunguliwa, klabu ikaingia ikiimba kwa sauti ya chini, na wanachama wanne wamebeba shada kwenye machela.

Mkurugenzi aliliangalia, akamwangalia Kaimu. Kaimu alikuwa amesimama pembeni na orodha yake, kalamu mkononi, akisoma kwa sauti ya kazi. Mimea hai, aina nne, imekidhi. Mizizi, imekidhi. Udongo, umekidhi. Kila aliposema imekidhi, Katibu aliitikia kwa kichwa, na alipofika mwisho Katibu alisimama akapiga makofi, akasema kwamba katika miaka yake yote ya ukaguzi hajawahi kuona idara ikifanya kile ilichokiandika. Ukumbi mzima ukasimama. Katika hali kama hiyo kiongozi hana budi kuinamisha shingo.

Walimvisha. Mama Samadi alipita nyuma yake akashona mikanda kwa sindano ya magodoro, mishono kumi na mmoja, akivuta kila mmoja kwa goti. Mkurugenzi alisikika akitoa pumzi ndefu, kisha akakaa, na kiti nacho kikatoa yake. Kutoka upande wa wageni alionekana macho na paji la uso juu ya vitunguu.

Alivumilia dakika kumi na tano za picha. Alikuwa akisubiri ifike saa kumi aombe ruhusa atoke. Saa kumi ilipofika, klabu ilisogea na ndoo mbili, kwa sababu kifungu kilisema saa kumi jioni, popote litakapokuwa. Maji yalishuka taratibu kupitia mboji, yakabadilika rangi, yakaingia kwenye suti ya maziwa, yakatokea kwenye viatu.

"Basi," alisema Mkurugenzi. "Livueni."

Hakuna aliyesogea. Mama Samadi aliweka ndoo chini akasema kwa adabu kwamba yeye hana neno, lakini afisa yupo, aulizwe afisa. Katibu naye, akiwa na Mwongozo wake umefunguliwa, alikuwa tayari ameweka kidole kwenye ukurasa wa hamsini na nane.

"Hapa pananipa shida, Afisa," alisema. "Kinachobeba shada, chombo, mnyama au mtu, kitahesabiwa kuwa bustani. Je, Mkurugenzi wenu kwa sasa ni bustani?"

Kaimu alifungua mdomo. Mkurugenzi alimwashiria kwa kidole kilichobaki huru, na Kaimu akainama kati ya marando kumsikiliza. Barua iko kwenye droo, alinong'onezwa. Sema mimi si bustani na nitasaini leo hii, kabla jua halijazama. Sauti ilikuwa ya kweli. Ilikuwa inabembeleza, na katika miaka kumi na mmoja Kaimu hakuwahi kubembelezwa na mtu yeyote mwenye zulia.

Aliiona barua ile. Aliiona na muhuri wake. Alimwona mkewe akimwita mezani kwa jina lake, na akajaribu kulikumbuka jina lenyewe likachelewa kidogo kuja. Aliitaka, na hapana haja ya kusema hakuitaka. Aliitaka kwa mwili mzima. Halafu akanyoosha mgongo, akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu siku ya ndoa yake. Alimtazama mama mkwe wake usoni. Mama mkwe hakumkonyeza, hakumwomba. Alikuwa amechoka, midomo yake imekaza, na mikono yake imeshikana mbele kwa nguvu hivi kwamba vidole vilikuwa vyeupe chini ya udongo.

"Ni bustani, Mheshimiwa," alisema Kaimu. Sauti ilitetemeka mwanzoni, ikakaa sawa ilipofika kwenye vifungu. "Ana udongo, ana mimea hai, na amemwagiliwa sasa hivi mbele ya mashahidi. Mamlaka juu yake ni ya klabu. Haruhusiwi kung'olewa, kukatwa wala kuhamishwa bila idhini ya maandishi. Mwongozo una sahihi yake."

"Mimi ni Mkurugenzi," alisema Mkurugenzi.

Katibu alilifikiria hilo kwa haki kabisa. Alipekua mbele, akapekua nyuma. Hakuona mahali popote ambapo bustani imepewa uwezo wa kusaini, kuagiza au kuendesha vikao, na aliona ni hatari kuruhusu mwanzo huo, maana kesho kila chungu cha maua kingetaka ofisi. Kwa hiyo nafasi ya Mkurugenzi ilikuwa wazi kwa muda, na mtu aliyeonyesha kuuelewa Mwongozo kuliko wote angeishika.

"Utakaimu wewe," alimwambia Kaimu.

Kaimu alishukuru. Hakushangaa, miaka yote ile ilikuwa imemwandaa kwa neno hilo na si kwa jingine. Jambo la kwanza lililowekwa mbele yake, juu ya meza iliyotapakaa tope, lilikuwa ombi la siku nyingi la kugeuza kiwanja cha nyuma kuwa maegesho. Akaandika kwamba ombi limekataliwa, kwa kuwa kiwanja ndicho makazi ya bustani tajwa na hakuna gari litakaloruhusiwa kuisogelea. Mama Samadi aliisoma karatasi mwanzo hadi mwisho, akaikunja, akaitia kifuani, akafuta macho kwa mgongo wa mkono na kubaki na mstari wa udongo shavuni. Alisema, mbele ya watu wote, kwamba ana mkwe.

Hapo ndipo Mkurugenzi alipouliza, kwa unyenyekevu ule ule aliokuwa ameuhubiri, afanye nini ili ang'olewe. Alijibiwa kwamba njia ipo wazi. Aandike ombi, na kwa kuwa bustani haisaini, litaandikwa kwa niaba yake. Klabu italijadili kwenye kikao, akidi ikitimia, na akidi ni tisa. Bahasha alikuwa na safari ya kwa dada yake, lakini akirudi atahudhuria. Mkunga alisema kwa upande wake hana pingamizi kung'oa wakati wowote, isipokuwa roho yake haipendi kuona mche unang'olewa mchanga. Wengine wakakubaliana naye. Ingekuwa ni kuharibu mazao ya wanachama, na kuna kifungu juu ya tija.

Basi wakaamua kwamba itasubiriwa mavuno. Toroli likaletwa hadi mlangoni, likatandikwa gunia ili bustani isitikisike mizizi. Wageni walikuwa wameanza kuondoka, kila mmoja akipita mbele ya kiti na kuinama kidogo, wasijue kama wanaaga mtu au wanasifu mboga.

"Mama," Mkurugenzi aliita kutoka ndani ya majani. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. "Vitunguu hivi vinachukua muda gani?"

Mama Samadi alikuwa ameinama akiweka sawa rando lililomwangukia kwenye goti. Aliligeuza upande wa mwanga, akalipapasa, akamjibu bila kinyongo.

"Miezi mitatu," alisema. "Ukitulia."